Kwao "mama" ni baba: miaka yangu mitano ya uuguzi jangwani Australia

Siku ya kwanza kazini nilimwamkia bibi mmoja kwa adabu zote nilizolelewa nazo Muheza. Alikuwa amekaa mchangani nje ya zahanati, miguu ameinyoosha, mbwa watatu wamemzunguka. Nikainama kidogo nikasema, "Shikamoo, mama."

Shikamoo haikumwambia kitu. Hilo neno la pili ndilo lililomfikia. Akanitazama, akawatazama wenzake, wakaangua kicheko mpaka mmoja akajifuta machozi kwa pindo la sketi. Bibi akachongoa midomo kumwelekea mzee mmoja mwenye kofia pana aliyekuwa kwenye kivuli cha tangi la maji. "Mama yule kule," akaniambia. Kwa Kipitjantjatjara, *mama* ni baba. Mama mzazi ni *ngunytju*.

Lugha ile ina mitego ya namna hiyo kila hatua. Maneno yake huishia kwa irabu kama yetu, na ukiyaona yameandikwa ukutani unaweza kudhani umefika nyumbani. *Papa* ni mbwa. *Mara* ni mkono. *Kata* ni kichwa na *pika* ni maumivu, kwa hiyo mtu anayeumwa kichwa atakuambia "kata pika", nawe unabaki unajiuliza ukate nini na upike nini. *Wana* ni mti wa kuchimbia. *Tjina*, ambalo masikioni mwangu halikuachana na "jina", ni mguu, na ni alama ya mguu mchangani vilevile.

Nimeanza na kicheko kile kwa sababu kosa langu la mwaka mzima lilikuwa la aina ileile. Nilisikia kitu ninachokijua, nikadhani nimeelewa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nilisomea Dodoma na kufanya kazi huko miaka sita, kisha mwaka 2014 nikamfuata mume wangu Adelaide. Nilianza kwa kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, kama wengi wetu, huku nikihangaikia usajili. Mwaka 2018 nikapata kazi Alice Springs, mji ulio katikati kabisa ya bara lile, ambao wenyeji wake wa asili, Waarrernte, wanauita Mparntwe. Kutoka hapo nilikuwa nikishuka kusini kwa Land Cruiser kwenda vijiji vya Anangu, wenyeji wa asili wa jangwa lile wanaosema Kipitjantjatjara na lugha ndugu zake, kwenye eneo linaloitwa APY, kifupi cha Anangu Pitjantjatjara Yankunytjatjara. Ardhi hiyo ilirudishwa kwa wenyewe kwa sheria ya mwaka 1981. Inazidi kilomita za mraba 100,000, kubwa kuliko mkoa wowote wa Tanzania, na watu wake hawafiki 3,000. Nilikuwa nakaa wiki mbili kijijini na wiki moja mjini. Kijiji sikitaji, na watu wake nimewabadilisha kidogo.

Kazi yangu kwenye makaratasi ilikuwa "ustawi wa kijamii na kihisia". Mwanzoni niliona ni maneno matamu ya waandishi wa miradi, namna ya kuepuka kusema "wagonjwa wa akili". Sivyo. Waaborijini, watu wa asili wa Australia, wenyewe ndio waliodai yasemwe hivyo. Mkakati wao wa taifa wa afya wa mwaka 1989 ulisema wazi kwamba afya si mwili wa mtu mmoja tu, ni hali njema ya jamii nzima, kijamii, kihisia na kiutamaduni. Baadaye wanasaikolojia wao wakalichora jambo hilo kama maduara saba yanayomzunguka mtu: mwili, akili na hisia, ukoo, jamii, utamaduni, ardhi, na roho pamoja na wahenga. Duara moja likipasuka, mengine yanavuja. Mchoro huo nilikuwa nao ukutani ofisini kuanzia wiki ya kwanza. Kuuelewa kulinichukua muda mrefu zaidi.

Kilichonichelewesha ni ngozi yangu. Nilijiambia kwamba wauguzi wa Kizungu wanapata shida hapa kwa kuwa hawajui ukoo ni nini. Mimi najua. Kwao dada wa mama ni mama, kama mama mkubwa na mama mdogo wetu. Kaka wa baba ni baba. Mjomba ana jina lake, shangazi ana lake. Mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, hakuna cha binamu. Msiba ni wa wote na kazi inasimama. Nikajiona nimeshafika kabla sijaondoka. Bibi yule wa mbwa watatu alinisikiliza siku moja nikimweleza yote haya, akaniambia, bila ubaya wowote, "Wewe mweusi, uwa. Lakini ulikuja na ndege, na ukichoka unayo ndege ya kurudi." Uwa ni ndiyo.

Mwezi wa nne nililetewa kijana wa miaka kumi na tisa. Tangu kaka yake wa kwa baba mdogo afariki alikuwa halali vizuri, anatembea barabarani usiku, chakula anakichokonoa tu. Nikamwingiza kwenye chumba cha ushauri, nikafunga mlango kulinda siri zake, nikakaa mkabala naye. Nilimtazama usoni. Yeye alitazama soketi ya umeme. Nikatoa dodoso, yale maswali tisa ambayo hata Dodoma tulikuwa nayo kwa Kiswahili: katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na hili, na hili. Kila swali akajibu "uwa". Umekosa usingizi? Uwa. Unajiona hufai? Uwa. Umewahi kuwaza kujidhuru? Uwa. Ningekuwa makini ningeshtuka pale aliposema ndiyo kwamba hali chakula kabisa, kisha ndiyo tena kwamba anakula kupita kiasi. Sikushtuka. Nilijumlisha alama, zikagonga juu kabisa, nikaita ndege ya wagonjwa. Jioni ile alikuwa kitandani mjini, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwao, peke yake. Siku ya nne alitoka mlangoni akarudi kijijini kwa lifti za magari matatu.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa Tanga ningesemwa kwa vijembe mpaka kwenye kanga. Pale watu waliacha tu kuniona. Nikikaribia kivuli walichokaa, mazungumzo yanahamia lugha ya ndani zaidi, kisha watu nao wanahama. Wiki tatu. Zahanati upande wangu ikawa tupu, nikapanga faili zote kwa alfabeti.

Bibi ndiye aliyekuja, akafungua mlango wa Land Cruiser, akakaa kiti cha mbele, akasema nimpeleke kuchukua kuni. Njiani, macho yakiwa barabarani, akanihesabia. Mimi ni mwanamke na nilijifungia chumbani na kijana wa kiume. Mambo ya wanaume yana wanaume wake. Nilimkazia macho kama polisi. Nilimuuliza yeye, wakati wa kuulizwa kwanza ni babu yake na wajomba zake. Nilimrundikia maswali, naye akanipa "ndiyo" zote nilizozitaka ili nimalize. Na kubwa kuliko yote, lile ambalo nilikuwa sijui hata kwamba nimelifanya: nililitaja jina la marehemu. Mara tatu, kwa sauti ya huruma, kama tulivyofundishwa chuoni, kwamba usimfiche mfiwa, mtaje mpendwa wake.

Kwa Anangu, mtu akifa jina lake linalazwa. Halitamkwi, pengine kwa miaka. Aliye hai mwenye jina hilohilo naye anaacha kuitwa hivyo, anaitwa *Kunmanara*, neno la kushikilia nafasi, ndiyo maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Kunmanara watano. Hata neno la kawaida likifanana na jina la marehemu linaweza kuwekwa kando. Kwetu ni kinyume chake kabisa. Mimi mwenyewe nimepewa jina la bibi mzaa baba aliyefariki mwaka niliozaliwa. Sisi tunalirithisha jina lisipotee, wao wanalipumzisha lisimwite aliyeondoka. Nilikuwa nimemkalisha mtoto wa watu kwenye chumba kisicho na dirisha, nikamwitia marehemu mara tatu.

Kuhusu zile "ndiyo" za kumaliza maswali, baadaye nilikuta kwamba mahakama zilishalijua jambo hilo kabla sijazaliwa. Mwaka 1976 jaji wa Mahakama Kuu ya Northern Territory alitoa mwongozo kwa polisi, maarufu kama Kanuni za Anunga, na moja ya hoja zake ilikuwa hii: Mwaborijini anayehojiwa, kwa adabu yake, huenda akajibu kile anachodhani muulizaji anataka kusikia. Polisi walionywa mwaka 1976. Mimi mwaka 2018 bado natembea na dodoso langu. Yapo madodoso yaliyofanyiwa kazi upya na Waaborijini wenyewe, kwa maneno yao, na niliyatumia baadaye. Ila hata lile bora kabisa halina maana likishikwa na mtu asiye na haki ya kuuliza.

Niseme hapa, kwa sababu najua wapo wauguzi watakaosoma: sisemi ndege isiitwe. Niliita tena, usiku wa manane, bila kumsubiri babu wa mtu yeyote, na kesho ningeita. Mtu anapokuwa hatarini unamshika kwanza. Waaborijini hujiua kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha Waaustralia wengine, na hilo halisubiri semina ya utamaduni. Nilichojifunza kwa kijana yule ni kwamba sikujua kama yuko hatarini, maana sikuwa nimemsikia bado.

Baada ya safari ile ya kuni nilibadilisha kiti, na simaanishi kwa mafumbo. Kazini tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa kijijini ambaye mkataba ulimwita "msaidizi". Anangu wana neno *malpa*, mwenzi wa safari, na *malparara*, kwenda mkiwa na mwenzi. Wao wanataka kazi ya mgeni ifanyike hivyo, mwenyeji na mgeni sambamba. Mimi nilikuwa nimemgeuza mkalimani na mwonyesha njia. Nikamwachia kiti cha mbele na maamuzi: leo twende nyumba ipi, tusiende ipi, nani tumkwepe kwa kuwa ana msiba, nani asikae na nani. Yapo mahusiano ya ukweni ambayo watu hawatakiwi hata kutazamana, na nilikuwa nimeshawapanga wawili wa namna hiyo kwenye benchi moja kusubiri dawa. Nilifikiri wamegombana.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu mwezi wa saba, na lilikuwa *wana*, ule mti wa kuchimbia, ingawa siku hizi wa akina mama ni mtaimbo wa chuma. Tulikwenda kuchimba *tjala*, sisimizi wa asali, chini ya miti ya malga. Unakaa kitako, unafukua mchanga mwekundu mgumu kama tofali, unafuata kitundu kinachokwenda chini, kinakata kona, kinapotea, unakitafuta tena kwa kidole. Shimo likinifika kifuani bado sijaona kitu. Kisha chumba kidogo kikafunguka gizani, na juu yake wamening'inia sisimizi wenye matumbo ya mviringo kama shanga za kaharabu, yamejaa asali. Unamshika kichwa, unafyonza tumbo, na ladha yake ina ukali kidogo nyuma ya utamu, kama ukwaju uliokomaa.

Saa ya pili ya kuchimba, mwanamke aliyekuwa mgongoni kwangu, ndani ya shimo lake mwenyewe, alianza kusema. Hakusema nami hasa, alisema na mchanga. Binti yake yuko gerezani Adelaide, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, na hajaisikia sauti yake tangu kipupwe. Anaamka usiku akidhani anaitwa. Moyo unakwenda mbio. Hataki kukaa na watoto wa binti kwa sababu wanamuuliza. Dalili zote nilizozijua kitabuni zikapita mgongoni kwangu moja moja, bila mimi kuuliza hata swali. Sikugeuka. Malpa wangu alisema "uwa" mara mbili tatu, ile "uwa" ya kumwitikia msimuliaji, nasi tukaendelea kuchimba.

Watu wa asili nchini Australia hawafiki 4 katika kila watu 100, lakini magerezani ni kama theluthi moja. Mwaka 1991 Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo vyao mikononi mwa polisi na magereza ilitoa mapendekezo 339. Nilikuwa naijua takwimu hiyo kama mtu anavyojua urefu wa mlima. Siku ile ilikuwa na mgongo, na mtaimbo uliokuwa unapiga chini kwa mpigo uleule. Tiba tuliyompa yule mama ilikuwa kumtafutia saa ya simu na gereza, kukaa naye wakati anasubiri kuunganishwa, na kuwapa wajukuu dakika zao. Wiki ya pili ya simu alianza kulala. Dawa ya usingizi niliyokuwa nimeiandaa niliirudisha kabatini.

Kwenye fomu ya mwezi nikaandika: kuchimba sisimizi wa asali, saa tano. Simu ikaja kutoka mjini. Mteja alikuwa nani? Lengo la kikao lilikuwa lipi? Sina kinyongo na aliyepiga, naye ana wanaomdai namba. Lakini ilinichukua mwaka na malpa wangu kupata kisanduku cha kuandika kitu kama kile, na kilipopatikana kilikuwa kidogo.

Ipo kazi moja ya kina mama na waganga wa huko niliyoishika kama mkongojo. Baraza la Wanawake la NPY (Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara, watu wa jangwa lile), lililoundwa mwaka 1980, lina mradi unaoitwa Uti Kulintjaku, yaani kufikiri na kuelewa kwa uwazi. Wazee, waganga na wataalamu wa afya ya akili waliketi pamoja wakatafuta maneno ya hisia kwa lugha zao, wakayachora kwenye mabango ili kijana asiyejua aseme nini aweze kuonyesha kwa kidole. *Kulini* peke yake ni kusikia, kufikiri na kuelewa. Kiingereza kinahangaika nalo. Mimi sikuhangaika, maana kwetu mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, na mtoto msikivu ni yule anayeelewa. Hapo ndipo Kiswahili kilinisaidia kweli, si kwenye "mama".

Kilinisaidia pia kwenye neno moja la Kiingereza. Waaborijini msiba wanauita "sorry business". Wageni wengi hudhani kuna mtu anaomba radhi. Hakuna. Ile sorry ni pole yetu. Kiingereza kina neno moja kwa samahani na pole, na nchi ile imejikwaa juu ya neno hilo kwa muda mrefu. Ripoti ya mwaka 1997 iliandika jinsi watoto wa Kiaborijini, hasa wenye damu mchanganyiko, walivyochukuliwa na serikali kutoka kwa mama zao tangu takriban mwaka 1910 hadi miaka ya 1970. Mawaziri wakabishana: tukisema sorry tutakuwa tumekiri kosa? Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akalisema bungeni. Ilikuwa samahani, na ilistahili. Lakini wazee niliokaa nao walikuwa pia wanangoja pole, na pole huwezi kuisema mara moja ukaondoka. Pole unakuja nayo, unakaa nayo mkekani, unarudi kesho. Bibi alinieleza jinsi kina mama walivyokuwa wakiwapaka watoto weupe mkaa ili polisi wakipita wasiwajue. Alisimulia huku akijipaka mkononi kuonyesha, taratibu, kama anayepaka mtoto mafuta ya nazi.

Kuhusu waganga nilikuwa na kigugumizi. Nimelelewa kwenye nyumba ya walokole na neno mganga lilikuwa na harufu yake. Waganga wa Anangu huitwa *ngangkari*, na zahanati na hospitali za huko zinafanya nao kazi. Kwao hofu kubwa au msiba unaweza kuihamisha *kurunpa*, roho ya mtu, kutoka mahali pake, na ngangkari huitafuta na kuirudisha kwa mikono. Kijana wangu wa soketi alipelekwa na babu yake kwa ngangkari mzee. Sikuwepo, sikutakiwa kuwepo. Baada ya hapo wajomba wakamchukua kuwinda *malu*, kangaruu mwekundu, siku kadhaa. Aliporudi hakuwa mpya. Alikuwa anakula, na jioni alikuwa anakaa motoni na wenzake badala ya kutembea barabarani. Miezi sita baadaye alirudi nyuma, akapanda tena. Mara ya mwisho kupata habari zake alikuwa na mtoto wa kike. Kama ni roho iliyorudishwa, dawa tulizomwongezea baadaye, au nyama ya malu, siwezi kuwatenganishia, na yeye hajawahi kuuliza.

Kitu kingine kilichonifungua macho si cha roho hata kidogo. Kwenye makambi ya Waaborijini ndani ya mji wa Alice Springs umeme mwingi ni wa kulipia kabla, kama LUKU yetu. Januari joto linapita nyuzi 40. Kadi ikiisha usiku, feni inazima, jokofu linazima, insulini ya bibi inachemka, watu kumi na mbili wanahamia uani na magodoro, watoto hawalali, asubuhi hawaendi shule, na mimi nafika saa nne kuuliza kama mama ana "hisia za kukata tamaa". Wiki kadhaa kazi yangu yote ilikuwa kupiga simu kuhusu nyumba. Ningeulizwa leo kipi kinaponya sonona jangwani, ningetaja umeme na bomba kabla ya kumtaja muuguzi.

Mwaka 2021 tulizunguka kuhamasisha chanjo ya Uviko. Bibi alikataa, na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyezoeleka, nikamwambia serikali imethibitisha ni salama. Akaniuliza: ileile? Alikuwa mtoto mdogo Oktoba 1953, Waingereza walipolipua bomu la atomiki Emu Field, kusini mwa pale, kwa idhini ya serikali ya Australia. Ukungu mweusi ulipita juu ya kambi za Anangu. Yami Lester, aliyekuwa mtoto Wallatinna siku ile na baadaye akapofuka, ndiye aliyesaidia kulifikisha jambo hilo kwenye Tume ya Kifalme ya 1984 na 1985. Nilikuwa nimeyasoma haya yote. Sikuwa nimeyaunganisha na sindano iliyokuwa mkononi mwangu. Tulikaa. Alichanjwa wiki ya tano, baada ya dada yake, si baada ya hoja zangu.

Oktoba 2023 nchi ilipiga kura kama watu wa asili wawe na chombo chao cha kulishauri Bunge, kitajwe kwenye katiba. Karibu watu 60 kati ya 100 walisema hapana. Mimi nilikuwa nimeshapata uraia, nikapiga kura yangu mjini, nikarudi kijijini Jumanne nikijiandaa kwa hasira. Kulikuwa kimya. Malpa wangu alisema tu, "Tuliwauliza vizuri," akawasha gari.

Bibi alifariki mwezi uliofuata. Jina lake silitaji, na sasa mnajua si kwa ajili ya taratibu za kazi tu. Nilikuwa mjini. Nilipofika, familia ilishahama nyumba yake na kupiga kambi ng'ambo ya kijito kikavu, kama wafanyavyo, na wageni walikuwa wakiingia kwa makundi kutoka vijiji vya mbali. Unapita mbele ya wafiwa walioketi chini, unampa mkono kila mmoja, mguso wa mkono tu, kiganja kwa kiganja, husemi kitu. Vilio vinapanda na kushuka. Nilipita. Kuna mikono ilinishika zaidi kidogo kuliko nilivyotegemea. Kisha nikatafuta nafasi mchangani miongoni mwa wanawake, nikanyoosha miguu.

Upande wa pili, wanawake wawili walikuwa wakifagia kwa matawi mabichi uwanja wa nyumba iliyoachwa, wakirudi kinyumenyume, mchanga ukibaki laini nyuma yao. Walikuwa wanafuta nyayo zake. Niliwatazama wakimaliza mlangoni, wakashuka hadi pale penye tangi la maji.

Nilikaa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka mjukuu wake mmoja, wa miaka sita hivi, alinisindikiza garini. Watoto wa kule wanajua nyayo za kila mtu kijijini, hata za viatu. Akasimama, akaonyesha chini alama zangu kutoka kambini, vidole vikitazama nje kama bata. "Tjina nyuntumpa," akasema. Mguu wako. Akaziruka, asizikanyage, akaja kunifungulia mlango.